Kalenda ya Chooni

Jelmer Hoekstra alikuwa na hofu moja ambayo si rahisi kumwelezea mtu: aliogopa siku ambayo Jildou angejua kusoma.

Vinginevyo alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Miaka thelathini na mbili, mrefu wa kuinama milangoni, dereva wa lori la kukusanya maziwa kwenye mashamba ya ng'ombe kaskazini mwa jimbo la Friesland. Alifanya kazi siku nne kwa wiki. Jumatano ilikuwa siku yake ya kukaa na watoto, na mvua inyeshe isinyeshe ungemwona akiendesha ile baiskeli yenye sanduku mbele, mtoto ndani ya sanduku, upepo ukimkata masikio. Aliishi na Nynke, msaidizi wa daktari wa meno, katika nyumba ya safu pembeni mwa mji mdogo wa Dokkum. Hawakuwa wamefunga ndoa. Nynke alishaolewa mara moja, harusi ya watu mia na arobaini, na alikuwa akisema keki ya siku ile bado imemkwama kooni. Katika ndoa hiyo alimpata Jildou. Baba wa mtoto alikuwa Hispania akitengeneza mashua za matajiri, na alituma kifurushi pale alipokumbuka.

Jelmer alihamia kwao wakati Jildou akiwa na miaka miwili na nusu. Jambo la kwanza mtoto alilomwambia ni kwamba kiti alichokalia ni cha paka. Jelmer akahama kiti. Tangu siku hiyo walielewana, ingawa hakuna aliyewahi kukaa chini akasema wao wawili ni nani kwa nani. Jildou alimwita Jelmer. Jelmer alimwita Jildou. Asubuhi alimsuka nywele, vibaya, na jioni alimkatia nyama kwenye sahani.

Tatizo lilikuwa kwa mama yake Jelmer, au tuseme, lilikuwa chooni kwa mama yake.

Mama huyo, Tjitske, alikuwa na kalenda ya siku za kuzaliwa upande wa ndani wa mlango wa choo, kama walivyo nayo watu wote wa kule. Ukikaa tu, mnaangaliana. Haina mwaka wala Jumatatu. Ina ukurasa kwa kila mwezi, na kwenye tarehe kuna jina la aliyezaliwa siku hiyo pamoja na mwaka wake, ili mwenye nyumba ajue nani wa kutumiwa kadi na anatimiza mingapi. Tjitske alinunua yake mwaka alioolewa na hakuwahi kuibadilisha. Aliyeandika ni yeye peke yake, kwa kalamu ya wino. Aliyekufa aliwekewa msalaba mdogo ubavuni mwa jina, na alibaki pale na heshima yake. Aliyeondoka alipigwa mstari kwa rula.

Mistari ilikuwa minne. Mitatu ilikuwa ya wachumba wa Wessel, kaka yake Jelmer, mwanaume mwenye sura nzuri na moyo usiotulia. Wa nne ulikuwa tarehe tisa Oktoba, na ukikodoa macho ungesoma Hendrik chini yake. Huyo ni baba yao, aliyehamia kwa mwanamke wa mji wa Drachten wakati Jelmer akiwa na miaka kumi. Mstari wake ulipitishwa mara mbili, na karatasi ilikaribia kuchanika. Jelmer alikua akiutazama mstari ule kila Oktoba alipokwenda haja, miaka minane mfululizo, mpaka alipohama. Watu wengine hurithi saa ya babu.

Baada ya mchumba wa tatu, Tjitske alitia ngumu. Kuanzia hapo haandikwi mtu mpaka awe damu yake au awe na cheti cha ndoa.

"Nimechoka kuharibu kalenda," alisema, na hilo likawa neno la mwisho.

Basi Nynke hakuandikwa, na hakujali. "Afadhali," alisema. "Kadi zake zenyewe zina picha za maua ya msibani." Lakini Jildou naye hakuandikwa. Miaka minne siku yake ya kuzaliwa, tarehe kumi na moja Februari, ilifika na kupita bila kadi ya Tjitske, na mtoto hakugundua, kwa sababu mtoto wa miaka minne au mitano hasomi bahasha. Alimwita Tjitske Bibi kwa kuwa kila mtu mdogo katika nyumba ile alimwita hivyo. Alikula biskuti zake, alicheza na vifungo vya kabati la ushonaji. Tjitske hakuwa mkali kwake hata kidogo. Alimfutia pua kama angemfutia mtoto yeyote.

Septemba ile mambo yakaja kwa mkupuo. Jumatatu Jildou aliingia darasa ambalo watoto hufundishwa kusoma. Ijumaa ya wiki hiyo hiyo alizaliwa Douwe, kilo nne na robo, nyumbani, chumba cha juu, na mkunga aliyekuwa na haraka ya kuwahi mama mwingine. Muuguzi wa uzazi alikuja siku nane, akafua, akapima joto, akamfundisha Jelmer kukunja nepi ingawa Jelmer alishafunga nepi za Jildou mwaka mzima. Wageni walikuja kwa zamu, saa moja moja, wakala tosti kavu za duara zenye siagi na punje tamu za anisi za buluu, kama ilivyo desturi akizaliwa mvulana, wakasema mtoto anafanana na babu fulani.

Tjitske alikuja siku ya pili. Alimshika Douwe, akamtazama vidole, akalia kidogo, akafuta macho.

"Nimeshamwandika," alisema. "Jana ile ile, kabla sijavua koti."

Jelmer alishusha sauti. Jildou alikuwa jikoni akimwaga punje za anisi nyingi kuliko alivyoruhusiwa.

"Mama, si ungemwandika na Jildou sasa? Ni dada yake."

"Ana watu wake huyo."

"Watu gani? Mama yake Nynke alifariki. Wa upande wa Hispania hata kwa sura simjui."

"Oa kwanza, Jelmer."

"Nynke hataki kuolewa."

"Basi na mimi sitaki kununua rula nyingine," alisema Tjitske, akamrudishia mtoto.

Jelmer alimpokea Douwe. Kunyamaza ndiko alikojua. Katika nyumba aliyokulia, mwenye kuongea alikuwa mmoja na wengine walipisha. Alimeza maneno yake pamoja na tosti.

Ndipo mbio zilipoanza, na aliyejua kwamba kuna mbio ni yeye peke yake. Kila wiki mwalimu aliwapa watoto herufi mpya, na kila Ijumaa Jildou alileta nyumbani kibandiko cha herufi hiyo akakibandika kwenye friji. Nynke alishangilia. Jelmer alizihesabu. Herufi sita: hakuna hatari. Herufi kumi: Jildou aliketi mezani asubuhi akasoma pakiti ya maziwa, silabi moja moja, mpaka uji wake ukaganda. Herufi kumi na tano: alisoma mabango ya barabarani kutoka ndani ya sanduku la baiskeli, kwa sauti ya kutangaza mnada, na Jelmer aliyekuwa akipambana na upepo alilazimika kuitikia kila bango.

"Jelmer! 'Viazi'! Wameandika viazi!"

"Nimeona."

"Ulikuwa unajua siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukuniambia?"

Alimpigia simu mama yake mara mbili vuli ile. Mara ya kwanza wakaishia kuongelea mfereji wa paa. Mara ya pili alilisema wazi, na Tjitske akajibu kwamba mtoto haumii kwa jambo asilolijua. Jelmer alitaka kumwambia kwamba atalijua baada ya wiki kama sita hivi, lakini Douwe alitapika begani kwake na simu ikakatika.

Novemba Jildou alipata cheti chake cha kwanza cha kuogelea. Hili si jambo dogo katika nchi yenye mfereji nyuma ya kila nyumba. Jelmer ndiye aliyempeleka bwawani kila Jumatano kwa mwaka na nusu, akakaa kwenye benchi la plastiki katika ile harufu ya dawa na soksi mbichi, Douwe kifuani miezi ya mwisho. Siku ya mtihani watoto waliingia majini na nguo na viatu, wakapita chini ya maji kwenye tundu la turubai. Jildou alizama, akakawia kuliko wenzake. Kisha akaibuka upande wa pili, nywele zimemfunika uso, akatazama benchi kabla ya kumtazama mwalimu. Jelmer alisimama akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Mama mmoja aliyekaa karibu alimwambia, "Binti yako ana pumzi," naye akajibu, "Sana," wala hakusahihisha. Alijisikia vizuri kutwa nzima, na pia alijisikia mwizi.

Walipomwonyesha Tjitske cheti, alisema hongera, akampa Jildou chokoleti ya herufi J. Alikuwa ameinunua kwa ajili hiyo. Ukweli huo nao usemwe.

Desemba Jelmer alianza vituko. Kila walipokwenda kwa mama yake alimuuliza Jildou mlangoni kwao, "Umekojoa?" na kumrudisha ndani hata aliposema ndiyo. Mara moja alitangulia chooni akatundika koti lake juu ya kalenda. Tjitske alilitoa baada ya dakika tano, akamkabidhi mbele ya watu.

"Choo changu si kabati la nguo."

"Samahani, mama."

Nynke alimtazama wakiwa njiani kurudi. Alishamwelewa muda mrefu. "Jelmer, unaficha moshi badala ya kuzima moto," alisema. "Ama uongee na mama yako, ama niongee mimi. Na mimi nikiongea, hatutakwenda tena pale kwa mwaka."

"Nitaongea."

"Lini?"

"Siku ya kuzaliwa ya mama ikipita."

Mwaka ule siku hiyo iliangukia Jumapili ya pili ya Januari, na Tjitske alikuwa akitimiza sitini na tano. Kufikia hapo friji ya kina Jelmer ilijaa herufi. Zilibaki mbili tu, zile ambazo hazitumiki sana.

Sebuleni kwa Tjitske viti vilipangwa duara, migongo ukutani, kama ilivyo desturi. Kila aliyeingia alizunguka duara lote akimpa mkono kila mtu na kumpongeza kwa ajili ya mwenye siku. Hongera kwa mama yako. Hongera kwa dada yako. Hongera kwa jirani yako. Hata Douwe, aliyelala mapajani mwa Nynke, alishikwa kidole akapongezwa kwa bibi yake. Shangazi mmoja mnene aitwaye Geeske alifika mbele ya Jildou, akampa mkono, akafungua mdomo, akasita.

"Hongera kwa... kwa keki," alisema, akasogea kiti kinachofuata.

Jildou alimtazama Jelmer. Jelmer akatazama zulia. Hilo alikuja kulijutia kuliko mengine yote.

Ikaliwa keki, kipande kimoja kila mtu. Ikanywewa kahawa. Yakaongelewa mafuriko, bei ya nyumba, goti la Geeske. Jildou alikunywa juisi ya tufaha glasi mbili, akasimama, akaelekea chooni, na Jelmer alikuwa amebanwa katikati ya maelezo ya mjomba wake Ruurd kuhusu mtambo wa kupasha maji. Alimwona akipita. Hakuweza kufanya kitu. Au aliweza, na hakufanya.

Dakika kumi zikapita. Ruurd alinyanyuka akaenda kugonga mlango wa choo.

"Bado nasoma!" ilisikika sauti ya Jildou.

Duara zima likacheka. Wessel alicheka mpaka akamwaga kahawa. Jelmer hakucheka, na Tjitske, aliyekuwa ameshika birika, hakucheka pia. Ruurd akabaki ukumbini, akibadilisha mguu.

Baadaye kidogo Jildou alitoka. Alisimama katikati ya duara, mikono bado imelowa.

"Bibi, Bobbe ni nani?"

"Bobbe alikuwa mbwa wangu."

"Ana kimsalaba."

"Kwa sababu alikufa."

"Na Hendrik? Yeye ana mstari."

Kijiko kiligonga sahani mahali fulani. Wessel alichungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu chini.

"Hendrik aliondoka," alisema Tjitske.

Jildou aliitikia kwa kichwa, ameridhika na jibu. Akaenda kukaa kwenye kiti chake kando ya Jelmer, miguu ikining'inia. Watu wakaanza tena kuongea, kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akavuta mkono wa shati la Jelmer, naye akainama.

"Nimeisoma miezi yote mara mbili," alimnong'oneza. "Sijajiona. Labda mimi nimeandikwa kwa zile herufi ambazo hatujafika."

Alikuwa hajakasirika. Alikuwa hata hamlaumu mtu. Alidhani kosa ni lake, kwamba hajajua kusoma vizuri, na alikuwa anaomba radhi.

Jelmer alisimama. Baadaye Nynke alimwambia kwamba alisimama kwa nguvu mpaka kiti kikagonga ukuta, yeye hakumbuki. Alikwenda kwenye kabati la ukumbini, akafungua droo ya juu, akatoa kalamu ya kalenda. Zaidi ya mama yake, hakuna aliyewahi kuigusa kalamu ile. Ruurd, aliyekuwa amesimama kusikiliza na sasa tu ameshika kitasa cha choo, alisukumwa kando.

"Nipe dakika, mjomba."

"Mwanangu, nimengoja sana."

Jelmer alifunua kalenda hadi Februari. Alisikia nyuma yake hatua za mama yake, akazitambua bila kugeuka.

"Jelmer. Hiyo ni ya wino."

"Najua, mama."

"Ndani ya nyumba yangu. Siku yangu."

"Najua."

Akaandika. Aliandika kwa herufi kubwa zilizotengana, mtoto aweze kuzisoma, na kwa sababu hiyo jina lilivuka kumi na moja likaingia hadi kumi na mbili. Hapo hapakuwa na mtu.

Nynke alikuwa amesimama mlangoni na Douwe begani. Jildou alipenya kati ya miguu ya watu wazima, akafika mbele.

Tjitske aliongea polepole, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Na mkiachana je? Wewe utakwenda zako. Huyu atakwenda na mama yake. Mimi ndiye nitakayebaki humu ndani kila Februari nikiutazama mstari. Unadhani ni kalenda tu? Unadhani napenda ile rula?"

Jelmer aligeuka. Alimtazama mama yake vizuri kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi, mwanamke wa miaka sitini na tano aliyevaa mkufu wake wa sikukuu, na akamhurumia. Lakini hakupisha.

"Tukiachana, mama, upitishe mstari kwenye jina langu. Mimi, tarehe thelathini Juni. Huyu usimguse. Huyu abaki."

Jildou alikuwa ananyoosha kidole juu ya karatasi, hajaigusa, anapita herufi moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho. Kisha akarudi mwanzo akasoma tena, kwa sauti safari hii, jina lake, na uso ukamfunguka.

"Hizi zote nazijua!" alisema.

Tjitske alinyoosha mkono kwa mwanawe. Jelmer alidhani atamzaba kofi, na alikuwa tayari kulipokea. Mama yake alichukua kalamu. Alivaa miwani iliyoning'inia kifuani, akasogea karibu na mlango, akainama.

"Wote wana mwaka," alisema, bila kumtazama yeyote. "Bila mwaka nitajuaje unatimiza mingapi? Ulizaliwa lini wewe?"

"Kumi na saba."

"Elfu mbili na kumi na saba."

"Elfu mbili na kumi na saba, Bibi."

Tjitske akaandika, kwa ule mwandiko wake mdogo ulionyooka, kando ya maandishi makubwa ya Jelmer. Alichukua muda mrefu kuliko inavyohitaji tarakimu nne. Kisha akafunika kalamu, akasema kahawa itapoa, akarudi sebuleni.

Ruurd aliomba kwa mara ya tatu aachiwe choo. Jildou alikataa kutoka mpaka wino ukauke.